Namna ya Kumsoma David Ricardo: Anzia Kwenye Nafaka, Si Kwenye Mvinyo

Wengi wanaolifahamu jina la David Ricardo wamelipata kwenye mfano mmoja tu: Uingereza ifume nguo, Ureno itengeneze mvinyo, kisha nchi hizo mbili zibadilishane na kila moja itoke na nafuu. Mfano huo ni wake kweli, nami nitaufikia. Hata hivyo, anayeanzia hapo humwona Ricardo kama mtu aliyekaa mezani kupanga nambari, ilhali alikuwa katikati ya ugomvi mkali kuhusu bei ya nafaka, na sehemu kubwa ya aliyoyaandika kuhusu biashara huria ilichimbuka katika ugomvi huo. Mwongozo huu unamwelekeza msomaji asiye mwanauchumi jinsi ya kuyashika maisha na kazi ya Ricardo kwa mpangilio ambao, baada ya kumrudia mara kadhaa, nimeuona kuwa ndio unaozaa matunda: nafaka kwanza, mvinyo baadaye, na nadharia ya thamani mwisho kabisa.

Tayarisha daftari, kalamu, na nakala ya kitabu chake kikuu, yaani Kanuni za Uchumi wa Kisiasa na Kodi. Kitabu hicho kilitoka mara tatu akiwa hai, mwaka 1817, 1819 na 1821, na chapa inayofaa ni ile ya tatu, kwa kuwa ina sura moja ambayo haimo katika zile mbili za mwanzo. Haki za uchapishaji zilikwisha zamani, kwa hiyo maandishi yenyewe hupatikana bila malipo. Anayetaka nakala iliyohakikiwa kwa uangalifu zaidi atafute juzuu ya kwanza ya mkusanyiko wa kazi na barua za Ricardo uliohaririwa na Piero Sraffa na kuanza kutolewa na chuo kikuu cha Cambridge mwaka 1951. Daftari si pambo. Ricardo aliwaza kwa nambari ndogondogo, na msomaji anayezipitia kwa macho tu, bila kuziandika na kuzijumlisha mwenyewe, atafika ukurasa wa mwisho akiwa na maneno mengi na ufahamu mchache.

Usianze na sura ya kwanza. Inahusu thamani, ni ngumu kuliko zote, na wasomaji wengi huishia humo wakidhani kitabu kizima ndivyo kilivyo.

Yaweke maisha yake katika ukurasa mmoja

Kabla ya kufungua kitabu, andika katika ukurasa mmoja wa daftari miaka ya maisha yake, na kando ya kila mwaka andika alikuwa na maslahi gani wakati huo. Safu hiyo ya pili ndiyo itakayokufaa baadaye.

Alizaliwa London tarehe 18 Aprili 1772, mtoto wa tatu katika familia yenye watoto wengi ya Wayahudi wa Kisefaradi, ambao asili yao ilikuwa Ureno na waliohamia Uingereza kutoka Amsterdam. Baba yake alikuwa dalali katika soko la hisa. Kijana alipelekwa Amsterdam akiwa na umri wa miaka 11, akakaa huko takriban miaka miwili, na alipofika miaka 14 alikuwa tayari kazini pamoja na baba yake. Chuo kikuu hakukiona. Mwaka 1793, akiwa na miaka 21, alimwoa Priscilla Ann Wilkinson, binti wa Wakweka (dhehebu la Kikristo), na kwa ndoa hiyo wazazi wake walimtenga, ingawa baba na mwana walikuja kupatana baadaye. Ricardo akaiacha dini ya wazazi wake na kuabudu na Waunitari, Wakristo wasiokubali fundisho la Utatu. Alijikuta hana pa kuegemea ila jina lake zuri sokoni, na jina hilo lilitosha: watu waliomjua pale walimsaidia kuanza biashara yake mwenyewe, na baada ya miaka michache akawa tajiri kupita baba yake.

Mwaka wa kuupigia mstari ni 1799. Alikuwa Bath, mji wa chemchemi za maji ya moto ambako mkewe alikwenda kwa ajili ya afya yake, na huko akakutana na kitabu cha Adam Smith kuhusu utajiri wa mataifa, kilichotoka mwaka 1776. Alikisoma, akakipenda, kisha akakaa miaka 10 bila kuchapisha neno. Sijui fani nyingine ambayo mtu mwenye fikra kali hivyo angevumilia kimya kirefu namna hiyo, na naamini kimya hicho kinaeleza kwa nini maandishi yake ya kwanza yalikuwa tayari yameiva.

Maandishi hayo yalihusu dhahabu. Tangu mwaka 1797, kwa sababu ya vita na Ufaransa, Benki ya Uingereza ilikuwa imeruhusiwa kutolipa dhahabu kwa noti zake. Bei rasmi ya aunsi moja ya dhahabu ilikuwa pauni 3, shilingi 17 na peni 10 na nusu, lakini kufikia mwaka 1809 bei ya sokoni ilikuwa imepita pauni 4 na shilingi 10. Wengi walisema dhahabu imepanda. Katika makala aliyoitoa bila jina kwenye gazeti la Morning Chronicle mwezi Agosti mwaka huo, Ricardo alisema kinyume chake: dhahabu iko pale pale, noti ndizo zimekuwa nyingi mno na kushuka thamani. Kamati ya bunge ya mwaka 1810 ilifikia hitimisho la namna hiyo hiyo, bunge likaikatalia mwaka 1811, na hatimaye likatunga sheria mwaka 1819 ya kurudisha malipo ya dhahabu. Huhitaji kuzama zaidi katika jambo hili kwa sasa. Andika tu katika daftari mbinu aliyoitumia, maana utaikuta tena: bei inapobadilika, Ricardo haulizi ni nani anayeuza ghali, bali anauliza ni upande gani wa mizani uliosogea.

Mwaka 1814 alinunua shamba kubwa la Gatcombe Park huko Gloucestershire na kuwa mmiliki wa ardhi. Tia alama hapo. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa walioikopesha serikali mkopo mkubwa siku chache kabla ya vita vya Waterloo, ambamo Napoleon alishindwa, na ushindi wa Waterloo ukampatia faida kubwa. Utakutana na hadithi kwamba alikuwa na mjumbe wa siri aliyemletea habari za vita kabla ya wengine. Iache hadithi hiyo. Tayari alikuwa amenunua na kushika hati za mkopo huo kabla ya vita kupiganwa, kama alivyofanya katika mikopo ya miaka iliyotangulia, kwa hiyo hakuhitaji habari bali ustahimilivu. Rafiki yake mwanauchumi Thomas Robert Malthus, ambaye Ricardo alikuwa amemwekea sehemu ndogo ya mkopo huo, aliingiwa na hofu na kuomba sehemu yake iuzwe mapema kwa faida kidogo, nayo ikauzwa.

Mwaka 1819 aliingia bungeni kwa jimbo la Portarlington, Ireland, jimbo lenye wapiga kura wachache mno, alilolipata kwa fedha kama ilivyokuwa desturi ya enzi hizo. Humo bungeni alitetea mageuzi ya uchaguzi na kura ya siri, mambo ambayo yangeyafuta majimbo ya namna ya lile lililomwingiza. Alifariki Gatcombe tarehe 11 Septemba 1823 kutokana na maambukizi ya sikio, akiwa na miaka 51 tu.

Fanya hesabu ya nafaka

Sasa fungua sura ya pili, inayohusu pango la ardhi, yaani malipo ambayo mkulima humpa mwenye ardhi kwa ajili ya kuitumia. Isome ukiwa umeelewa kilichokuwa kikitokea nje. Wakati wa vita na Napoleon nafaka za kigeni ziliingia kwa shida, bei ikapanda, na Waingereza wakalima hata ardhi duni. Amani ilipokuja, wamiliki wa ardhi waliogopa nafaka za bei nafuu kutoka nje. Bunge, ambalo lilijaa wamiliki hao, likapitisha mwaka 1815 Sheria ya Nafaka iliyozuia ngano ya kigeni kuuzwa nchini mpaka bei ya ngano ya ndani ifike shilingi 80 kwa kwota moja, kipimo cha takriban lita 280. Watu wa London walifanya fujo mitaani mwezi Machi mwaka huo wakiipinga. Mwezi mmoja kabla, Ricardo alikuwa ametoa kijitabu kinachoeleza athari za bei ya chini ya nafaka kwa faida ya mtaji, na hoja ya kijitabu hicho ndiyo uti wa mgongo wa kitabu kikuu kilichofuata miaka miwili baadaye.

Hoja yenyewe ifanyie hesabu hivi. Chora vipande vitatu vya ardhi, na uchukulie kwamba kila kimoja kimewekewa mtaji na nguvu kazi sawasawa. Nambari ni za Ricardo mwenyewe: cha kwanza kinatoa kwota 100, cha pili 90, cha tatu 80. Watu wakiwa wachache, wanalima kipande cha kwanza pekee, na ikiwa ardhi ya ubora huo bado ni tele hakuna anayelipa pango. Watu wakiongezeka, inabidi kulima cha pili. Hapo mkulima anaona hakuna tofauti kati ya kulima cha pili bure na kulima cha kwanza kwa kumlipa mwenye ardhi kwota 10, basi kipande cha kwanza kinaanza kudai pango la 10. Ikibidi kulima cha tatu, pango la cha kwanza linakuwa 20, la cha pili 10, na cha tatu hakina pango. Kumbuka kwamba mwenye kipande cha kwanza hajaongeza hata jembe moja. Pango lake limekua kwa sababu wengine wamesukumwa kwenye ardhi mbaya zaidi. Hapa ndipo Ricardo anapoandika kwamba nafaka haiwi ghali kwa sababu pango linalipwa, bali pango hulipwa kwa sababu nafaka ni ghali. Soma sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu watu wengi hadi leo huifikiria kinyume.

Ongeza sasa nambari moja ambayo ni yangu, si yake, ili uone faida inakwenda wapi. Chukulia kwamba katika kila kipande wafanyakazi hula kwota 60, na hawawezi kuishi kwa pungufu. Kinacholimwa kikiwa kipande cha kwanza peke yake, mkulima mwenye mtaji anabaki na 40. Cha pili kikiingia, cha kwanza kinatoa 100, toa pango la 10, toa ujira wa 60, inabaki 30, na cha pili vilevile kinabakiza 30. Cha tatu kikiingia, kila mkulima, awe kwenye ardhi nzuri au mbaya, anabaki na 20. Faida imeporomoka kutoka 40 hadi 20, wafanyakazi wamebaki pale pale, na wamiliki wa ardhi, ambao mwanzoni hawakuwa na kitu, sasa wanachukua 30 kwa jumla.

Geuza hesabu. Fungua bandari, nafaka nafuu iingie, na kipande cha tatu kiachwe kwa kuwa hakina tena sababu ya kulimwa. Pango lote linashuka kutoka 30 hadi 10, na faida ya kila mkulima aliyebaki inapanda kutoka 20 hadi 30. Umeshika biashara huria ya Ricardo mkononi. Kwake, ushuru wa nafaka haukuwa tu mzigo kwa mlaji wa mkate. Ulikuwa mfereji uliohamisha mazao ya nchi kutoka kwa wenye mtaji, ambao alitarajia wangewekeza upya na kuajiri, kwenda kwa wamiliki wa ardhi, na uliharakisha siku ambayo faida ingekuwa ndogo kiasi kwamba hakuna mtu angejisumbua kuwekeza.

Rudi kwenye ukurasa wa maisha na utazame mwaka 1814. Aliyeandika haya alikuwa mmiliki wa ardhi mwenyewe. Hesabu yake ilisema kwamba maslahi ya tabaka lake jipya yanapingana na maslahi ya watu wengine wote, akaichapisha. Jambo hili linanigusa kila ninapolirudia, na nadhani msomaji anayelikosa anakosa nusu ya Ricardo.

Ndipo usome sura ya saba

Sura ya biashara ya nje inaanza kwa sentensi ambayo wengi huiruka kwa haraka ya kuufikia mvinyo. Ricardo anasema kwamba kupanuka kwa biashara ya nje hakuongezi mara moja kiasi cha thamani katika nchi, ingawa kunaongeza sana wingi wa bidhaa na, kwa hiyo, jumla ya starehe. Andika tofauti hiyo kwenye daftari: thamani, ambayo kwake hupimwa kwa kazi iliyotumika, upande mmoja, wingi wa vitu upande mwingine. Kisha uangalie anavyoendelea. Biashara ya nje hupandisha kiwango cha faida pale tu inaposhusha bei ya vitu anavyovitumia mfanyakazi, kwa sababu hapo ujira unaweza kushuka bila mfanyakazi kupungukiwa. Bidhaa za matajiri zikiwa rahisi, matajiri watazifurahia zaidi, lakini kiwango cha faida hakitasogea. Kwa maneno mengine, mvinyo wa Ureno, unaobebeshwa jina la Ricardo katika kila darasa, haukuwa kitu alichokipigania. Alipigania nafaka, na mvinyo ulikuwa njia ya kueleza kanuni.

Sasa ziandike nambari zake nne. Uingereza inahitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka kutengeneza nguo, na ingehitaji watu 120 kutengeneza mvinyo. Ureno inahitaji watu 80 kwa mvinyo na ingehitaji watu 90 kwa nguo. Soma kwa makini, maana vitabu vingi vya kiada huzigeuza nambari hizi kuwa gharama ya kipimo kimoja cha kila bidhaa. Ukimfuata Ricardo neno kwa neno, anazungumzia kiasi fulani cha nguo na kiasi fulani cha mvinyo vinavyobadilishana kimoja kwa kingine. Hivyo njia ya kukagua ni rahisi: Uingereza inatoa nguo iliyoigharimu watu 100 na kupokea mvinyo ambao ungeigharimu 120, kwa hiyo imeokoa kazi ya watu 20. Ureno inatoa mvinyo ulioigharimu watu 80 na kupokea nguo ambayo ingeigharimu 90, imeokoa kazi ya watu 10. Ureno inatengeneza vyote viwili kwa watu wachache kuliko Uingereza, na bado inafaidika kununua nguo kutoka kwa fundi aliye mzito kuliko wake.

Jumlisha uone. Kila nchi ikijitengenezea yenyewe, kazi yote ni ya watu 390. Uingereza ikitengeneza nguo mara mbili na Ureno mvinyo mara mbili, ni 200 na 160, jumla 360. Zikibadilishana majukumu vibaya, Uingereza mvinyo na Ureno nguo, jumla inafika 420. Hata hivyo, usiipe jumla uzito kupita kiasi. Kipimo cha kweli ni kama kila nchi peke yake imeokoa kazi, kwa sababu hakuna mtu anayeisimamia hesabu ya nchi zote mbili na kugawa akiba.

Kisha ibomoe nambari moja uone mfano unavyokufa. Badala ya watu 100 kwa nguo ya Uingereza, weka 135. Gawanya 135 kwa 120, kisha 90 kwa 80: kote unapata 1.125. Nguo sasa, ikipimwa kwa mvinyo, ina gharama ileile katika nchi zote mbili, na hakuna kiwango cha kubadilishana kitakachozinufaisha zote. Zoezi hili la dakika tano hufundisha faida linganishi, jina la kanuni iliyomo katika mfano huu, kuliko kurasa nyingi za maelezo, kwa sababu linaonyesha kwamba chanzo cha biashara ni tofauti ya uwiano, wala si tofauti ya uhodari.

Usiiache tanbihi ya sura hiyo, yaani maelezo yaliyo chini ya ukurasa. Humo Ricardo anawataja watu wawili wanaoweza wote kutengeneza viatu na kofia. Mmoja anamshinda mwenzake kwa sehemu moja ya tano katika kofia, na kwa sehemu moja ya tatu katika viatu. Anauliza: je, haitawafaa wote wawili aliye hodari ashike viatu peke yake, na mwenzake ashike kofia? Mimi nauona mfano huu kuwa safi zaidi kuliko ule wa nchi mbili, kwa kuwa haubebi historia ya mtu yeyote.

Maana mfano wa nguo na mvinyo unayo historia. Mkataba wa Methuen wa mwaka 1703 uliifungulia sufu ya Kiingereza soko la Ureno, na kwa upande wa pili uliupa mvinyo wa Ureno ushuru pungufu kwa theluthi moja kuliko ule wa Ufaransa. Ulikuwa mkataba wa upendeleo kati ya taifa lenye nguvu baharini na mshirika aliyehitaji ulinzi wake, wala haukuwa soko huria. Nambari nne hazithibitishi kwamba Ureno ilifaidika kwa karne nzima. Zinaonyesha kanuni katika hali iliyowekewa mipaka. Mpaka mkubwa Ricardo anautaja waziwazi: anachukulia kwamba mtaji hauhami kirahisi kutoka nchi moja hadi nyingine. Ungehama, anasema, Waingereza wenye mtaji wangenufaika kutengeneza mvinyo na nguo vyote viwili huko Ureno. Anaeleza kwamba watu huogopa kuiweka mali yao mbali na macho yao, chini ya serikali na sheria wasizozizoea, na anakiri kwamba angesikitika kuona hisia hiyo ikidhoofika. Ukitaka kujua kama hoja yake inafaa katika ulimwengu ambao mtaji huvuka mipaka kwa sekunde, ukurasa huu ndio mahali pa kuanzia swali lako.

Nusu ya pili ya sura inahusu fedha, na inaweza kusomwa kwa haraka ukiwa umeelewa ile habari ya mwaka 1809. Dhahabu hutiririka mpaka bei za nchi zilingane na hali ya biashara, kana kwamba bidhaa zilibadilishana zenyewe.

Mtazame alipokuwa mwangalifu, na alipobadili mawazo

Baada ya hapo, soma kijitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu ulinzi wa kilimo. Msomaji aliyezoea kumsikia Ricardo akitajwa kama mtetezi wa kufuta ushuru wote kwa mkupuo atashangaa. Alipendekeza ushuru wa shilingi 20 kwa kwota ya ngano, upungue shilingi 1 kila mwaka hadi ubaki shilingi 10. Alitaka wakulima waliowekeza wakati wa bei kubwa wapate muda wa kuhamisha mitaji yao, na alikubali kwamba sehemu ya ushuru ibaki ili kufidia kodi zilizokuwa zikiwaelemea wakulima peke yao. Bunge halikumsikiliza. Sheria za Nafaka zilifutwa mwaka 1846 chini ya waziri mkuu Robert Peel, miaka 23 baada ya kifo chake.

Kisha ruka hadi sura ya 31 ya chapa ya tatu, inayohusu mashine. Awali Ricardo aliamini kwamba mashine hunufaisha matabaka yote. Katika sura hii anasema wazi kwamba amebadili mawazo, na kwamba hofu ya wafanyakazi kuwa mashine zaweza kuwadhuru haitokani na ujinga bali inaafikiana na kanuni sahihi za uchumi. Marafiki wake wa kinadharia walifadhaika. Isome kwa utulivu, ukifuata hesabu yake ya mtaji unaohamishwa kutoka kwenye ujira kwenda kwenye mashine, kwa sababu ni mahali adimu ambapo mwanauchumi mashuhuri anaonyesha hadharani alipokosea na kwa nini.

Barua, na mwishowe sura ya kwanza

Barua zake na Malthus zisome kama mazungumzo, moja baada ya nyingine. Walijuana mwaka 1811 na hawakuacha kubishana. Malthus aliunga mkono Sheria ya Nafaka ya 1815, Ricardo akaipinga. Malthus alitoa kitabu chake cha kanuni za uchumi mwaka 1820, Ricardo akajibu kwa maelezo marefu yaliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1928. Katika barua ya tarehe 31 Agosti 1823, siku chache tu kabla ya kufariki, Ricardo anamwambia rafiki yake kwamba baada ya mabishano yote kila mmoja amebaki na maoni yake, na kwamba asingempenda zaidi hata kama wangekubaliana.

Baada ya barua, fungua ile sura ya kwanza uliyoiacha. Sasa utaona ugumu wake unatoka wapi: anatafuta kipimo cha thamani ambacho hakitayumba wakati ujira na faida vinapobadilika, kipimo ambacho hesabu ya nafaka ilikihitaji. Hakukipata katika chapa ya kwanza, wala ya tatu. Barua zake kwa James Mill, aliyemsukuma aandike kitabu hicho, zilipotea kwa muda mrefu hadi zilipopatikana mwaka 1943 katika nyumba moja karibu na Dublin, na pamoja nazo kulikuwa na karatasi alizokuwa akiziandika katika wiki zake za mwisho. Zinahusu thamani kamili na thamani ya kubadilishana, na hakuzimaliza.